UZI: Asante ya punda ni mateke? Niliyojifunza kwa farasi wa Usa River na punda wa Msalato

#1 Mzee wa Hatamu

Mbukwenyi wakuu. (Kwa wageni: ndivyo tunavyosalimiana huku Ugogoni, Dodoma, mkiwa wengi.)

Kwenye ule uzi wa mikokoteni nilisema punda anayepiga mateke mara nyingi kafundishwa na mmiliki wake, watu wakaniangukia kama nyuki. Niliahidi kurudi na maelezo. Leo mvua imenifungia ndani na simu ina chaji, kwa hiyo kaeni.

Nilikuwa mtunza farasi miaka saba kwenye shamba moja upande wa Usa River, kule Arumeru, Arusha. Nimezaliwa Mvumi. Kabla ya hapo farasi nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Siku ya kwanza nilipewa koleo la kuzolea mavi, nikamwendea farasi kwa nyuma taratibu, nikidhani kunyata ndiyo adabu. Teke lilipita karibu na sikio nikasikia upepo wake. Mzee mmoja wa Kimeru, mkuu wa zizi, akanivuta kando akaniambia: "Macho yake yako ubavuni, kijana. Anaona karibu duara zima, isipokuwa nyuma ya mkia na hapa mbele kabisa ya paji la uso. Wewe umetokea gizani halafu unanyata kama chui. Ulitaka akufikirieje?"

Tangu siku ile namwendea mnyama kwa upande wa bega huku naongea. Chochote. Hata kuhesabu madeni yangu kwa sauti.

Sasa nije kwa Zabibu. Alikuwa jike la kahawia, miaka tisa, ameletwa kutoka shamba jingine. Jina nilimpa mimi, kwetu Dodoma ndiko kwenye zabibu na nyumbani kulinikaa moyoni. Mpole kabisa: unamwosha, unamsafisha kwato, anakulalia begani. Ila akiona tandiko tu, masikio yanalala nyuma, mkia unachapa, na ukivuta mkanda wa tumbo anageuka kukuuma. Mtunzaji aliyekuwapo kabla yangu alikuwa na dawa yake: anamfunga kamba fupi, anamtupia tandiko, anakaza mkanda kwa mkupuo mmoja kabla jike hajajua kinachoendelea. Kazi inaisha dakika moja. Na kila siku ile dakika moja ilikuwa mbaya kuliko ya jana.

Mzee akapiga marufuku tandiko kwa wiki tatu. Mimi nikaambiwa nimkune tu. Kuna mahali pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega, farasi wenyewe kwa wenyewe hukunana hapo kwa meno. Ukimkuna hapo mapigo ya moyo yanashuka, na utaona mwenyewe: kichwa kinainama, mdomo wa chini unaning'inia kama wa mzee aliyesinzia barazani. Wiki ya pili nikaanza kuja na kitambaa kile kinachokaa chini ya tandiko. Namwonyesha, anakinusa, naondoka. Kesho yake nakigusisha begani, nakiondoa. Mzee alikuwa na neno moja tu, na nilichoka kulisikia: "Ondoa kabla hajakuomba uondoe."

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Sisi tumezoea kudhani mnyama anafundishwa na kamba inapovutwa. Kamba haimfundishi kitu. Anachojifunza ni lile alilokuwa akifanya kamba ilipolegea. Ukimvuta farasi, akasogeza mguu mmoja, nawe ukaachia papo hapo, amejua: kusogea ndiko kunakoleta raha. Ukiendelea kuvuta kwa sababu unataka hatua kumi, umemfundisha kwamba kusogea hakusaidii kitu, na kesho hasogei. Na hiyo papo hapo ni papo hapo kweli, sekunde moja, mbili. Ukichelewa, ameshafanya jambo jingine, kakukanyaga au kanyanyua kichwa, na ndilo unalokuwa umelilipia mshahara.

Siku moja namwosha Zabibu, jua linamwangaza ubavuni, nikaona madoa mawili ya nywele nyeupe, moja kila upande wa mgongo, makubwa kama sarafu. Nikamwita mzee nikidhani ni urembo. Akacheka bila furaha. Pale tandiko baya lilipombana muda mrefu, ngozi iliumia mpaka nywele zilizoota upya zikaota nyeupe. Yule mnyama hakuwa mkorofi. Alikuwa anakumbuka.

Tandiko likabadilishwa likapatikana linalomkaa. Mkanda nikawa naukaza tundu moja, napumzika, namkuna, tundu la pili, tunatembea hatua chache, ndipo la tatu. Ilichukua karibu miezi miwili kabla hajaacha kulaza masikio.

Nikifika kwenye punda nitaendelea, maana najua wengi wenu farasi haiwahusu. Naenda kuangalia paa.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimekaa. Lete punda.

#3 Kijana wa Kibaigwa

Mkuu umeandika vizuri ila hayo ni mambo ya wenye nafasi. Wiki tatu unamkuna farasi, nani anakulipa? Mimi nina mikokoteni miwili hapa Kibaigwa, msimu wa mahindi gunia hazisubiri mtu apate mapenzi na punda. Fimbo mbili za nyonga, anakwenda. Wahenga walishasema punda afe mzigo ufike. Na walisema pia asante ya punda ni mateke, maana yake hata umfanyie wema bado atakupiga. Wahenga hawakuwa wajinga.

#4 Mama Nuru Kondoa

Nipo hapa kujifunza. Nina jike la punda linauma, hasa ukigusa masikio. Baba mzee akisharudi kwenye punda nitauliza vizuri.

#5 Mzee wa Hatamu

Nimerudi. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Kijana wa Kibaigwa, nakuheshimu, unakula kwa jasho la punda na mimi pia sasa hivi. Nikujibu kwa kukusimulia aibu yangu mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nilikwenda mnadani Msalato, Jumamosi, nikanunua dume la punda. Nikajiona fundi. Mtu aliyefundisha farasi wa kupandwa na wageni atashindwa na punda wa kubeba madumu? Dalali alisema "huyu mzoefu", na mzoefu kweli, nilikuja kujua baadaye alikuwa mzoefu wa nini. Nikampa jina Karani kwa sababu kila kitu anakichunguza kabla ya kupitisha.

Siku ya nne tunatoka kisimani, madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 mgongoni. Njiani mtu ameanika mtama juu ya turubai la bluu, upepo unalipiga. Karani akasimama. Nikafanya nilivyofunzwa: nikavuta kidogo, nikangoja asogee niachie. Hasogei. Nikavuta zaidi. Hasogei. Farasi hapo angekuwa amesharuka pembeni au ametoka shoti, na ningejua la kufanya. Huyu amepanda miguu ardhini kama mbuyu. Watoto wameshajaa. Basi wakuu, mtunza farasi wa miaka saba nikavunja kijiti cha mkole nikamchapa. Akapiga teke, dumu moja likapasuka, akalala chini na mzigo wake. Jirani yangu mmoja alisema kwa sauti: "Na huyu ndiye aliyetoka Arusha?"

Nilichokuwa sijui ni hiki. Farasi akiogopa hukimbia kwanza, hufikiri baadaye. Punda akiogopa husimama, na kusimama kwake ndiko kufikiri kwake. Mababu zake ni punda mwitu wa huku Afrika, wanyama wa nchi kavu ya mawe, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa 2022 unaonyesha binadamu alianza kumfuga hukuhuku Afrika Mashariki, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Na muda wote huo tumemwita mkaidi kwa sababu anataka kuangalia kabla ya kukanyaga.

Kesho yake nilipita njia ileile bila mzigo. Turubai lipo. Akasimama. Nikalegeza kamba, nikasimama naye, nikamwachia anyooshe shingo. Dakika kama ishirini. Mwenye mtama akatoka kuniuliza amenikosea nini. Karani akasogea, akanusa, akapiga pua, akapita mwenyewe. Siku iliyofuata dakika kumi. Ya tatu, dakika mbili. Ya nne hakusimama, na mpaka leo matambara, mifuko ya plastiki, pikipiki, hata ile mitambo ya barabara haimshtui.

Sasa piga hesabu, Kijana wa Kibaigwa, wewe ni mfanyabiashara. Mimi nimetumia dakika 32 kwa siku tatu. Dumu lililopasuka siku ya fimbo lilikuwa langu, na maji nilirudi kuchota.

Na nilipomwosha Karani vumbi la mnadani likatoka, nikayakuta madoa meupe. Matano.

#6 Kijana wa Kibaigwa

Hahaha mzee umenipiga na hesabu. Lakini wa mkokoteni ni tofauti na wa madumu. Wangu wote wawili ukileta nira wanarudi nyuma.

#7 Bwana Mifugo Mstaafu

Habari zenu ndugu. Nimefanya kazi ya ugani wilaya mbili za mkoa huu mpaka nikastaafu, nimesoma pale Mpwapwa. Naomba nimkate kidogo mwanzisha uzi, maana Kijana wa Kibaigwa ametamka neno moja ambalo ndilo jibu lake mwenyewe: nira.

Nira ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu na shingo nene, anasukuma nira kwa shingo na bega. Punda hana nundu. Ukimwekea nira ya ng'ombe, mti unalala juu ya mfupa wenye ngozi tu, unamkwangua kila hatua. Punda anavuta kwa kifua. Anachotaka ni mkanda mpana unaopita kifuani, usiopanda mpaka kooni ukambana pumzi, na usioshuka mpaka miguuni ukamzuia kupiga hatua. Mkanda wa kiti cha gari uliotupwa gereji, au turubai zito lililokunjwa na kushonwa, vinafaa. Kamba ya katani au ya nailoni moja kwa moja kwenye ngozi usiweke, inakata kama kisu. Na uzito wa mkokoteni usilalie shingo. Utandike mgongoni kitu laini chenye mito miwili, mmoja kila upande wa uti, ili katikati mfupa usiguswe.

Katika miaka yangu yote, wanyama niliopelekewa kwa kosa la "ukaidi", kazi ya kwanza ilikuwa kupitisha mkono mgongoni, kwenye mbavu, chini ya mkia, ndani ya midomo, kwenye kwato. Mara nyingi sana jibu lilikuwa hapo. Kwato zilizorefuka zikapinda mbele kama ndala. Jino lililoota makali likakata shavu. Kidonda ambacho mwenye punda ameshakizoea mpaka hakioni tena. Mnyama mwenye maumivu humfundishi chochote isipokuwa kwamba ukija wewe, anaumia.

Na kwa taarifa tu, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtumikisha mnyama mwenye jeraha si jambo la huruma tu.

#8 Kijana wa Kibaigwa

Mzee shikamoo. Nira ni ya ng'ombe kweli, niliirithi kwa baba pamoja na mkokoteni. Kesho naangalia shingo zao.

#9 Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba. Uangalie asubuhi kabla ya kazi, si jioni. Jioni damu imechangamka, maumivu yanajificha.

#10 Dom_Makao Makuu

Swali la pembeni. Tangu Serikali ihamie huku kuna jamaa zangu wanasema wanataka kufuga farasi Dodoma, viwanja vikubwa vipo Ihumwa huko, watoto wajifunze kupanda. Inawezekana? Kwa nini huku hatuna farasi kabisa wakati punda wamejaa?

#11 Mzee wa Hatamu

Inawezekana ila mfuko uwe mzito na roho pia. Sababu ya farasi kutoenea huku si uvivu wa babu zetu. Kuna mbung'o, wanaoleta ugonjwa wa nagana, na farasi akipatwa nagana hana ubavu nayo kama alio nao punda. Halafu kuna ule ugonjwa unaoitwa kabisa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unasambazwa na visubi, vile vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyotoka magharibi na alfajiri. Farasi asiye na kinga akiupata, uwezekano mkubwa anakufa, wakati punda wetu huupata bila hata kuonekana mgonjwa. Stanley alipoanza safari yake Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walimfia njiani mapema, hata Ugogo hawakuuona. Punda wake waliendelea mbele zaidi.

Kwa hiyo ukileta farasi Ihumwa: chanjo, zizi la kumfungia magharibi mpaka asubuhi lenye chandarua, nyasi kavu za mwaka mzima (mvua yetu unaijua, Desemba mpaka Aprili na hapo ikipenda), na fundi wa kwato. Wa mwisho huyo ndiye atakayekusumbua, itabidi umtoe Arusha. Usilete mmoja. Farasi peke yake anachakaa akili. Kama huwezi wawili, mwekee hata punda.

Watoto wajifunze kwa punda kwanza. Sisi Mvumi tulipanda punda bila tandiko tangu tunachunga, na nilipofika Usa River walishangaa sianguki. Ila mtoto, si baba yake mwenye kilo 90.

#12 Afande wa Zamani

Salaam. Polisi tuna kikosi cha mbwa na farasi, nami niliwahi kufanya kazi na farasi kwa muda. Sitasema mengi. Nithibitishe tu hiyo ya turubai. Farasi wa kazi ya umma anazoeshwa kelele, bendera, moshi, mwavuli unaofunguka ghafla. Mtu wa nje anadhani tunamlazimisha mpaka azoee. Ukimlazimisha, utamwona ametulia kumbe amekata tamaa, na siku ya siku analipuka. Unaanza mbali. Ngoma inapigwa upande wa pili wa uwanja huku yeye anakula. Akiacha kula, uko karibu mno, rudi nyuma. Kipimo chetu kilikuwa hicho: anatafuna au hatafuni.

Na mpandaji ndiye hufundishwa zaidi. Farasi ngozi yake inahisi inzi akitua. Wewe uliye mgongoni na moyo unakudunda, unafikiri hajui? Tulifundishwa kutoa pumzi ndefu kabla ya kupita penye kelele. Ukiibana pumzi, naye anajua kuna jambo.

#13 Mbishi Mtarajiwa

Hapo kwenye "anakusoma moyo" ndipo mnaponichosha. Mnyama ni mnyama. Mnampa akili ya binadamu.

#14 Mzee wa Hatamu

Mbishi, hapana, tunampa akili ya farasi. Nikupe kisa cha kweli. Miaka ya mwanzoni ya 1900, Berlin, Ujerumani, kulikuwa na mwalimu mstaafu anaitwa Wilhelm von Osten na farasi wake Hans. Unamuuliza Hans tano kujumlisha tatu, anagonga kwato mara nane anaacha. Mji mzima ukaja. Mwaka 1904 ikaundwa kamati ya wataalamu, wakatafuta ulaghai, hawakuuona. Ndipo msomi mmoja, Oskar Pfungst, akafanya jambo dogo: akamweka mwuliza swali ambaye mwenyewe hajui jibu. Hans akakosea. Akamziba Hans asimwone mwuliza swali. Akakosea tena. Jambo likawa wazi, na mwaka 1907 Pfungst akalichapisha kitabuni: Hans hakujua kuhesabu hata kidogo. Alikuwa anaangalia watu. Mtu anayejua jibu, kwato zikikaribia idadi, mwili unakaza bila mwenyewe kujua, na zikifika unalegea, kichwa kinanyanyuka kidogo tu. Hans alikuwa anaacha kugonga pale mtu anapolegea.

Watu walisema basi ni farasi mjinga. Mimi nasema umati wa Berlin na maprofesa wake hawakuona walichokuwa wanafanya kwa miili yao wenyewe, farasi aliona. Na angalia alichokuwa anakifuata: kulegea. Ndilo lile neno la mzee wa Kimeru.

Kwa hiyo ukienda zizini umekasirika, jikalishe kwanza nje. Sikwambii uwe malaika. Mimi siku nikigombana nyumbani Karani simgusi, namwachia mabua naondoka.

#15 Mama Nuru Kondoa

Baba mzee, sasa niulize la kwangu. Ni jike, sijui umri, nilimnunua kwa jirani aliyehama. Hana kidonda, nimeangalia kama Bwana Mifugo alivyosema, midomo nimechungulia kwa shida. Mizigo anabeba vizuri sogi zote mbili (ile mifuko ya mizigo ya ubavuni). Shida ni kichwani. Ukipeleka mkono masikioni anauma, na kamba ya kichwani kumvalisha ni vita kila asubuhi. Nusu saa. Nina watoto wawili wa kuwahisha shule, nachota maji kabla ya hapo. Sina miezi miwili.

#16 Bwana Mifugo Mstaafu

Mama Nuru, tazama ndani ya masikio mchana wa jua. Kupe wanapenda humo. Kama wapo ndiyo sababu, tuanze na dawa ya kupe. Kama hawapo, kuna watu wana tabia ya kumshika punda kwa kulikunja sikio ili atulie. Anatulia kwa maumivu, na hasahau.

#17 Mama Nuru Kondoa

Jirani alikuwa anafanya hivyo!! Watoto wake walikuwa wanamning'inia masikio kabisa. Kupe sijaona.

#18 Mzee wa Hatamu

Basi umeshapata, dada yangu. Na huna haja ya miezi miwili ya kukaa naye. Unahitaji dakika tano, mara mbili kwa siku, nje ya ule muda wa vita.

Kwanza asubuhi upunguze vita. Kamba ya kichwani usiivalishe kwa kupitisha juu ya masikio. Ikate, iwe ya kufungwa: pitisha nyuma ya kichwa kama mtu anayefunga kilemba, funga pembeni ya shavu. Masikio hayaguswi. Hiyo peke yake itakuokolea asubuhi.

Halafu jioni, amekula, humtaki kwa kazi yoyote. Simama begani kwake, mkune pale juu ya mabega. Akishalegea, mkono utambae shingoni kwenda juu. Utafika mahali ngozi itakaza, au sikio moja litageukia mkono wako, au ataacha kutafuna kama alivyosema Afande. Usipite hapo. Simamisha mkono, usiuondoe kwa kushtuka, ngoja. Akitoa pumzi au akilamba midomo, ondoa mkono. Ndiyo malipo. Rudi begani, anza tena. Ukipata vidole viwili mbele zaidi ya jana, umefanya kazi kubwa, acha uende ukapike.

Kosa utakalolifanya, maana kila mtu hulifanya, ni siku atakayokuruhusu ukagusa sikio. Utafurahi, utalishika lote. Usilishike. Gusa, ondoa. Kama umegusa chuma cha moto.

Na akijaribu kuuma usimpige mdomoni. Utakuwa umemthibitishia kwamba mkono unaokuja kichwani ni wa kuogopwa, ndivyo alivyokuwa anasema tangu mwanzo. Jua tu ulikwenda haraka, kesho anzia chini kidogo.

#19 Siti_ya_Mbele

Mimi sina punda wala farasi, nina mke. Nachukua maelezo.

#20 Dom_Makao Makuu

Hahahaha #19.

#21 Kijana wa Kibaigwa

Narudi kuripoti kama nilivyoahidi. Wazee, mmoja ana kidonda chini ya nira, pana kama kiganja. Mwingine ngozi imekuwa ngumu kama soli. Nimefanya kazi nao miaka mitatu na sikuwahi kunyanyua ile nira nikaangalia chini yake, nilikuwa naiacha palepale kamba tu nafungua. Mwenye kidonda nimempumzisha, nimeosha na maji ya chumvi, bwana mifugo wa kata amekuja akampa dawa. Nimekata mkanda wa gari gereji, fundi viatu amenishonea na blanketi ndani.

Nimepoteza pesa ya wiki, msimu ndio huu, nisiwadanganye roho inauma. Lakini nilikwenda mnadani kuuliza bei ya punda mwingine wa kushikiza nikarudi mikono mitupu. Bei imekuwa ya ajabu.

#22 Bwana Mifugo Mstaafu

Pole kijana, na hongera. Bei hiyo ina historia yake. Ngozi za punda zilikuwa zinatafutwa nje kwa ajili ya gundi inayotiwa kwenye dawa za Kichina, punda wakachinjwa na kuibwa kwa wingi barani kote, mpaka Umoja wa Afrika Februari 2024 ukakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Na punda si mbuzi. Mimba yake ni mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, na huzaa mmoja. Aliyekufa leo, wa kumrithi anayeweza kufanya kazi ya maana utamsubiri angalau miaka minne. Kwa hiyo huo msemo wa punda afe mzigo ufike, mzigo wa kesho yake anaubeba nani?

#23 Kijana wa Kibaigwa

Mimi hapa, inavyoonekana.

#24 Mbishi Mtarajiwa

Bado nabisha kuhusu akili ya mnyama. Ila nimeenda kumwangalia mbwa wangu nikalegeza mabega, akaja. Nitachunguza zaidi.

#25 Mzee wa Hatamu

Mbishi karibu.

Kijana wa Kibaigwa, ukianza kumfunga mkanda mpya usimtie mkokoteni siku hiyohiyo. Mvalishe atembee nao mtupu. Kesho mfunge tairi kuukuu la pikipiki alivute kwa kamba ndefu, asikie kitu kinamfuata nyuma. Awe na mtu mbele anayemjua. Mtu huyo asimvute, atembee tu. Yule wa ngozi ngumu ndiye aanze, mwenye kidonda mpaka pakauke na nywele ziote.

Zitaota nyeupe, usishangae.

#26 Mama Nuru Kondoa

Wapendwa, nilikuwa kimya nikifanya homework ya baba mzee. Leo ni siku ya kumi na saba. Kamba ya kufunga kama kilemba, asubuhi dakika mbili tumemaliza, watoto wanawahi namba. Jioni nimefika sikio la kushoto, nimegusa nikaondoa, nimegusa nikaondoa, la tatu yeye ndiye amelisogeza kwenye mkono wangu. Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia.

La kulia bado hataki.